Mguu wa Kushoto wa Baba

Ilomba, Jumanne usiku

Hatimaye baba amekubali akatwe mguu. Ni ule wa kushoto, uliompa namba ya beki timu ya taifa nchi ikiwa bado changa. Kisukari kimeuharibu mpaka juu ya kifundo.

Baba mdogo alikuja wodini kutoka Mafinga, akaniudhi sana. Alimwambia baba, "Kaka, huo mguu ndio jina lako. Usikubali."

Baba akamjibu taratibu, "Mliushangilia ninyi. Mimi nataka wa kunifikisha chooni, na huu haunifikishi tena." Akanigeukia. "Mwanangu, kawaambie madaktari nimekubali."

Nilitoka nikalia kwenye korido. Naogopa moyo wake hautahimili upasuaji. Nani atanitania asubuhi kama...

Niliporudi akaniuliza, "Wakishaukata wanaupeleka wapi?"

Nikamuuliza nesi, akasema ndugu wanaruhusiwa kuuchukua wakauzike.

Baba akafumba macho. "Basi uzikwe nyumbani."

Baba mdogo akasimama. Akavaa koti lake, akasema, "Kaka, nitachimba mwenyewe. Nitauweka pembeni ya kaburi la mama yetu."