Safu ya Akiba

Kaka yangu,

Huku tupo tupo tu. Bomba la jikoni nimelifunga kwa mpira, halivuji tena.

Kazini bado natengeneza chipu za kumbukumbu za kompyuta. Safu moja ya seli ndani ya chipu ikiharibika hatuing'oi. Tunaielekeza anwani yake kwenye safu ya akiba, na anayeita hajui kaitikiwa na nani. Anwani hizo husogea kwa foleni, hatua moja kila saa ya mtambo inapopiga. Juzi niliachia pigo moja likazidi, anwani zikapitiliza hatua moja, safu salama ikazimwa na mbovu ikabaki.

"Akili yako iko wapi?" msimamizi akafoka.

Iko kwa Mama. Mimi ninayemwogesha amenisahau kabisa. Wewe uliyeondoka kwa matusi, mwaka wa tisa huu, anakuita kutwa. Nilichoka kumwambia hupo, sasa naitika mimi.

Jumapili alinishika mkono akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Usiondoke tena."

Nikamwambia siondoki.

Basi msamaha wako ninao mimi, nisiyemkosea kitu. Njoo uuchukue, halafu umuulize kama ana mtoto mwingine.

Ni mimi,
mdogo wako