Dawa ya magugu iliyokuwa inaenda Misri

Naila, acha hiyo chai usome hapa. Mume wangu kanivua nguo mbele ya wateja leo.

Si unajua Ukasha akishapuliza dawa ya magugu kwenye kahawa zetu, pampu anaisuuza mtoni? Nimesema mpaka nimechoka. Jibu lake kwa kila mtu ni moja, maji yanayotembea hayashiki najisi. Eti yanaingia mto Kagera, yanaenda ziwani, halafu Misri mpaka baharini. "Sasa Wamisri watanijulia wapi?"

Wamisri. Mtu hata Bukoba anaenda mara moja kwa mwaka.

Leo Speciose, yule mkulima wa bondeni anayetuuzia mboga, kaja dukani kwetu na miche yake ya nyanya. Yote ya njano, imejikunja. Ukasha kaishika, kajifanya bwana shamba, na duka limejaa watu. "Hii imepigwa dawa ya magugu. Mjinga gani kakufanyia hivi?"

Mjinga gani. Kauliza mwenyewe, Naila, tena kwa sauti.

Speciose wala hakuwa na haraka. "Mimi namwagilia maji ya mto, baba, chini ya pale unapooshea pampu. Naona dawa yako haijafika Misri."

Duka zima likacheka. Mimi najifanya napanga pakiti za mbegu.

Ukasha kaiweka miche chini. Halafu kwa kasauti kadogo: "Na ule mchicha uliotuuzia jana?"

"Maji ni hayo hayo."

Tangu saa hiyo hajauliza chakula. Mchicha ulibaki nusu sufuria. Nimempashia, uko mezani.