Ngoma Yako Niliikata Mimi

Kakuma,
kwa njia ya Lodwar.
20 Agosti 1976

Mpendwa mjukuu wangu Ekuru,

Ejok, hujambo? Miaka mitatu hujakanyaga hapa! Huko Mombasa wamekufunga kamba miguuni? Unakula? Kile kifua kimepona? Mimi magoti yananisumbua, lakini nipo. Binamu yako Akidor ndiye anayeshika kalamu. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Barua yako amenisomea mara nne. Eti zamani huko Amerika serikali ilipiga marufuku pombe, watu wakanywea mafichoni, na kwa vile nafasi ilikuwa ndogo, mpiga ngoma mmoja akafanya kazi ya watatu: mguu huu ngoma kubwa, mguu ule unagonganisha visahani vya shaba, mikono nayo kwingine. Wengine wakaacha fimbo wakashika brashi za waya, ngoma ikanong'ona. Hata taa waliweka ndani ya ngoma, ngozi isilegee kwa unyevu. Sisi tunacheza kwa miguu na makofi tu, lakini hao niliwapenda.

Halafu nikajiuliza. Hao pombe iliwakuzia ngoma. Mimi je?

Ekuru, mchwa hawakuila ngoma yako. Nilikudanganya. Askari wa chifu walipokuja kusaka pombe yangu ya busaa, nilikata ngozi ya ngoma hiyo kwa kisu, nikatumbukiza mtungi ndani, upande uliokatwa nikaugeuzia ukutani. Askari mmoja akanusa.

"Mama, ngoma hii imelewa?"

"Hilo ni jasho la mjukuu wangu!"

Wakacheka, wakaenda. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Ngoma uliyoikumbatia kwenye lori kutoka Kitale kama mtoto mchanga!

Ulipoandika kwamba unakuja kuichukua, nikasema imeliwa na mchwa. Basi ungekuja kufuata nini? Hapo juu nimekugombeza bure. Akidor anataka kufuta, nimemwambia aache.

Nimemchinja yule beberu wako mweupe. Ngozi nimeikwangua mwenyewe mpaka ikawa nyembamba, mafuta sikuipaka, nikaiwamba juani. Mbao za ngoma ni nzima.

Mama yako Nakeno anakusalimu, na mjomba Lokwang pia. Akuj, Mungu wetu, akupoze moyo, akupe mvua popote ulipo.

Ni mimi nyanya yako, ninayekupenda hata nikikukosea,
Akeno

Ukija, usinipe mkono kwanza. Ingia ndani, funga ile ngozi kwenye ngoma, uipige. Mimi nitakuwa nje nasikiliza. Ukiniita, nitaingia.