Nakshi ya Mfarishi wa Baba: Kwako Mama Zelpha

Mama Zelpha, leo mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya barafu ulipotutoka, na hapa bondeni Laurel Fork bado tunakuita tukipotelewa na kitu.

Hukuwa mtu wa maneno matamu, na tusidanganyane kwa kuwa hupo. Ulitufokea, kisha ukatulisha. Aliyeugua bondeni alipata sufuria yako ya maharage na mkate wa mahindi kabla daktari hajafika. Mikono yako haikujua kukaa bure. Mahubiri yakiwa redioni, unashona. Ukigombana na Baba, unashona, tena siku hizo mishono ilitoka midogo kupindukia.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa mfarishi wa Baba, blanketi nene la viraka, kwa ajili ya kifua chake kilichokula vumbi la makaa. Uliutengeneza kwa mtindo wa nyumba ya magogo: kiraka chekundu katikati ndiyo meko, na vipande vyembamba vikakizunguka kama magogo ya ukuta, upande mmoja vyeusi vya mashati yake ya mgodini, upande mwingine vyeupe vya magauni yako. Uso wa juu ukaumaliza. Kilichobaki ni kuweka pamba na kitambaa cha chini, na kushona tabaka zote tatu pamoja kwa nakshi. Nakshi gani, hukusema.

Basi hapo ndipo vita vilipozuka.

Binti yako mkubwa, Orlena, alitaka matao, kama yale mliyokuwa mkishona na wanawake wenzako kanisani. Verlie, kitindamimba wako, alitaka mistari iliyonyooka, ifuate kila gogo. Miezi ikapita, fremu yako ya kutandazia mfarishi ikining'inia darini kwa kamba zake, wala hakuna aliyethubutu kuchoma sindano. Kitambaa kimechoka, Mama. Verlie alijaribu kwenye kipande kilichosalia, akafumua mshono mmoja tu, kikachanika. Ukikosea hapo umeharibu, na mashati mengine ya mgodini hakuna.

Jumamosi iliyopita wakaishusha fremu.

"Mama alishona matao maisha yake yote," Orlena akasema. "Wewe mtoto wa juzi unajua nini?"

"Alishona matao kanisani, Dada, kwa sababu mnakaa wengi, kila mtu anaegemeza kiwiko na kuzungusha mkono. Hapa tuko wawili. Hayo matao yatapita juu ya mashati ya Baba kama trekta shambani."

"Ebo! Na mistari yako je? Chini ya kila gogo kuna mshono mnene kama ngozi ya nyumbu. Utavunja sindano ngapi?"

"Nitavunja zangu."

"Mama asingekubali!"

"Alikwambia lini? Ndotoni?"

Orlena akanyakua chaki, akachora tao la kwanza. Verlie akasikia damu inampanda. Akatunga uzi, akainama upande wa pili wa fremu.

"Haya, choma uone," Orlena akasema, na mkasi tayari uko mkononi. "Nitaukata huo uzi na kitambaa chake."

Verlie anamjua dada yake, hatanii. Alijua pia kwamba akichoma, hawatasemezana tena mpaka mmoja azikwe. Hata hivyo akaisogeza sindano.

Baba akaingia, na koti lake mwilini. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa fremu.

"Kila siku Mama alitaka hiki, Mama asingekubali kile," akasema. "Zelpha amepumzika. Huu mfarishi ni wa nani?"

"Ni wako, Baba," Verlie akajibu.

"Basi ufungeni mafundo."

Mafundo! Nawe ulivyowacheka wale wanaopitisha uzi wa sufu katika tabaka zote badala ya kushona nakshi, wakafunga fundo, wakasonga mbele! Ulisema ni kazi ya wavivu.

"Lakini Baba, mafundo ni aibu," Orlena akasema. "Watu wataonaje kazi ya Mama ikiishia..."

"Mwanangu," Baba akasema, "nasikia baridi."

Orlena akauweka mkasi chini. Akaifuta chaki kwa mkono wa gauni lake, taratibu, huku machozi yanamtoka. Verlie akaenda kabatini kutafuta sufu. Wakafunga mafundo mchana kutwa, na maneno yalikuwa machache: nipe uzi, vuta hapo, Dada, kaza.

Jioni Baba akajifunika, akalala kitandani kwenu. Tangu uondoke alikuwa akilala kitini na lile koti.

Tunaokulilia ni mumeo Burl. Wanao Orlena, Doyle na Verlie. Wakwe zako, wajukuu zako, na wanawake wa kanisani mlioshona pamoja.

Hatutakusahau, Mama, maadamu tunapumua.