Namba Uliyoniomba, Sosaia

Raiwaqa, Suva
Jumapili, baada ya ibada ya jioni

Mdogo wangu mpendwa Sosaia,

Amani ya Bwana ikukute wewe, wifi yangu Kalolaine na watoto wote hapo Tonga. Je, goti lako limepoa? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Apisai bado anakohoa, lakini kikohozi hakimzuii kuimba besi kanisani wala kumaliza sufuria ya mihogo.

Barua yako ilifika. Uliandika kwamba huwezi kumwoza binti yako Fusi kwa baharia wa mashua ya doria ya Fiji, wakati serikali ya kijana huyo inawafukuza watu wetu kwenye ile miamba ya baharini tunayogombania kama nguruwe walioingia shamba la viazi vikuu. Kisha ukasema: dada, si wewe unayepima ugomvi wa nchi huko chuoni? Basi nipe namba. Ikiwa imeshuka, waoane. Ikiwa imepanda, Fusi abaki nyumbani. Nilicheka. Halafu nikaona hukuwa unatania, nikaacha kucheka.

Namba nitakupa. Ila kwanza ujue inavyopikwa.

Kila asubuhi mimi husoma magazeti ya kwetu, na Bwana Mosese, Mfiji mwenzangu wa ofisini, husoma ya hapa Fiji. Kila habari inayotaja nchi zote mbili tunaipa alama: wakisifiana inashuka, wakilaumiana inapanda, wakitishana inapanda zaidi. Daktari Prameela, mkuu wetu, anaziingiza kwenye kompyuta, na kinachotoka ni mstari kama wa homa ya mgonjwa. Sifuri ni mapenzi, mia ni vita. Mosese naye hakomi kunichokoza. Akifika tu, "Mama Tonga, leo mmetutukana mara ngapi?" Namwambia asome kwanza ya kwao, maana gazeti lao limetuita wezi na mimi chai sijamaliza.

Basi ile mashua ya kwetu ilipofukuzwa miambani, mstari ulipanda. Baadaye serikali zote mbili zikanyamaza. Waandishi wakiuliza, wakubwa hawajibu. Mimi kila habari ya kimya cha namna hiyo niliipa sifuri. Daktari akaniita, akaniuliza kwa upole kulikoni. Nikamweleza kwamba kwetu kaka na dada wakishakua hawataniani, hawalali nyumba moja, na akiingia mmoja mwenzake hunyamaza. Kimya ni heshima. Sosaia, yule mama alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Melenaite, hawa si kaka na dada. Anayelalamika bado anataka kujibiwa. Aliyenyamaza, huyo mwogope." Tukazirekebisha alama zangu zote, na mstari ukapanda tena.

Kwa hiyo namba ni sabini na moja. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa thelathini. Siwezi kukudanganya, Mungu ananiona.

Lakini swali lako nililipeleka kwa Daktari, bila kukutaja: mtu anaweza kumwoza binti au kukataa kumwoza kwa namba hii? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza iwapo kipimajoto kinaweza kupika. Akasema sisi tunapima sauti ya magazeti tu, na gazeti haliandiki watu walipopatana. Hapo nikakumbuka. Wiki ileile ya mashua tulimzika mzee Taniela, Mtonga mwenzetu, mgane asiye na mtoto. Waliochimba kaburi ni vijana wa Kifiji wa mtaa huu, na mmoja wao alikuwa Isikeli, huyohuyo baharia wako. Alikuja ametoka zamu, akavua shati la sare, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia shimoni. Kesho yake nilipekua magazeti yote, ya kwetu na ya kwao, nipate habari ile niipe alama yake. Haikuwamo.

Sasa mdogo wangu, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Jumamosi iliyopita wazazi wa Isikeli walikuja hapa na wazee wa ukoo wao. Nikadhani wamekuja kumpa pole Apisai. Kumbe sivyo. Wakaketi mkekani, msemaji wao akatoa tabua, lile jino la nyangumi, akalishika kwa mikono miwili, akamwomba Fusi kwangu mimi, shangazi yake. Akasema, "Mama, tunasikia magazeti yametukosanisha. Sisi hatujui kuandika magazetini. Tunajua kuja kuketi." Jino hilo unalijua. Ukilipokea, umekubali. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, nikanyoosha mikono, nikalipokea. Limo kabatini, nimelifunga kitambaa cheupe, karibu na Biblia ya mama.

Najua wewe ndiye baba, na najua hukunituma. Lakini kwetu neno la shangazi kwa watoto wa nduguye halivukwi, na wewe ni shahidi kwamba tangu Fusi azaliwe sijawahi kulisema. Nimelisema sasa.

Kama umekasirika, niandikie. Niite majina yote, nitayasoma hadi mwisho, na nitajua bado unataka kujibiwa. Ukinyamaza, ofisini wataniambia nikuogope. Mimi sitakuogopa, Sosaia. Nitakichukua kimya chako kama tulivyolelewa, nianze kusuka mkeka wa harusi.

Msalimie wifi, mwambie zile hereni zimefika salama. Mwambie Fusi afute machozi, ale. Na Jumapili mkifukua chakula kilichookwa shimoni kwa mawe ya moto, mnitajie kwenye sala.

Ni mimi dada yako, na shangazi wa Fusi,

Melenaite