Tulivyomwondoa Maalim Hemedi

Sele ndugu yangu,

Salamu nakuletea kwa dua, kwani posta haifiki huko uliko. Mwaka umepita tangu gari yako ipinduke njia ya Ibra, huku Omani, na siku zote nilitaka kukuandikia habari njema za timu yetu ya basketi ya chuo. Leo naandika kwa sababu nimejaa kinyaa na sina mwengine wa kumwambia.

Wamemwondoa Maalim Hemedi kwenye ukocha. Nasema "wamemwondoa", lakini ngoja.

Msimu huu tumefungwa vibaya. Vijana wa Sur walitufunga hapa hapa Nizwa, tukawafuata kwao wakatufunga tena. Sisemi Maalim hana makosa. Bado anawafundisha vijana kama alivyotufundisha mimi na wewe skuli, Unguja: pasi za kifuani mpaka mikono iume, ndipo mtu aruhusiwe kutupa kapuni. Wenzetu wanakimbia, sisi tunapasiana tu. Lau kamati ingemwita ikamwambia mambo yamebadilika, angebisha, angefoka, mwisho angesikia. Na kama asingesikia, wangemtoa mchana kweupe, nami nisingekuwa na neno.

Lakini kilichowauma si kufungwa. Mpwa wa mwenyekiti wa kamati alimtukana farrashi, yule mzee anayetufagilia kiwanja. Maalim akamweka benchi mpaka aombe radhi, na mpaka leo hajaomba. Hapo ndipo ghafla kila mtu akawa mjuzi wa basketi.

Ijumaa baada ya sala tukaenda nyumbani kwa Maalim, watu watatu: mwenyekiti, mjumbe mmoja wa kamati na mimi. Mimi, karani tu wa chuo, walinichukua kwa kuwa Maalim ananipenda. Akatutandikia, halwa ikaja, akatumiminia kahawa kwa mkono wake. Mwenyekiti akaweka finjani chini bila kuonja. Unaijua ada ya huku: mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenyeji amkubalie, na kumkatalia ni aibu. Aliyezaliwa na ada hii huuliza kwanza unataka nini. Maalim wetu hakuuliza. Tangu tuhamie huku anaogopa kuambiwa Mzanzibari hajui ada za Waarabu, kwa hiyo amezishika kuliko wenyewe. Akasema papo hapo, "Abshiru. Ombeni, mmeshapewa." Akanitazama mimi, akatabasamu. Nadhani alidhani tumekuja kumposea kijana wetu mmoja binti yake.

Mwenyekiti akasema, "Tunaomba upumzike, ya Maalim. Timu tuachie sisi."

Maalim akazitazama finjani zetu. Kisha akasema, "Kunyweni basi, inapoa." Nao wakanywa, Sele. Wakaongezwa, wakasifu halwa. Mimi finjani yangu niliiweka chini pamoja na zao, na hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Nikanywa pia.

Ungekuwepo ungesema lile neno lako, fadhila za punda mashuzi, na ungelisema mbele yao. Wewe hukusahau siku ile huna viatu vya kuchezea, Maalim akakuvulia vyake, akasimama pekupeku juu ya saruji ya moto mpaka mchezo ukaisha. Hospitali uliniambia, "Maalim mtizame, hana mtoto wa kiume." Nikakuitikia. Ndivyo nilivyomtizama.

Siku ya pili tangazo likabandikwa ubaoni: Maalim ameomba kupumzika kwa sababu ya afya. Mtu ambaye kila alfajiri anafuata mfereji wa falaji mpaka mwisho wa mitende na kurudi, huku sisi tunahema kupanda ngazi za ofisi. Na filimbi wakanipa mimi. Karani ambaye hajafundisha hata kuku, leo kocha. Nikaipokea. Nikasema ahsante.

Juzi Maalim alikuja mazoezini. Nikamwambia shikamoo kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia. Akaitikia marahaba, akaniambia, "Yule mrefu goti linamuuma na hasemi. Usimkimbize sana." Halafu akaenda zake. Hakunilaumu kwa neno moja. Nikamwita yule mrefu, nikamwambia apumzike.

Jumamosi kamati inakutana kunithibitisha. Nakuahidi nitasimama niseme kwamba Maalim si mgonjwa wala hakuomba kuondoka, bali tulimtega kwa ukarimu wake mwenyewe, na mimi nilikuwemo. Kama ni mbovu wa mbinu, wamwite na wamwambie usoni. Nitamtaka mwenyekiti mpwa wake akaombe radhi kwa mzee wa watu. Huenda wakanitoa na ukarani. Naogopa, sikufichi, nina watoto. Lakini nitasema, kisha nitakwenda kwa Maalim nimwambie hayo hayo, akinifungulia mlango.

Mungu akulaze pema, Sele. Mpaka Jumamosi ipite, ukisikia nasemwa huko, usinitetee.

Ndugu yako,
Khalfani