Wembe wa Mwezi wa Kwanza

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Lango la Kusini,
Baodi.
14 Februari 1987

Mpendwa Mjomba Lianzhong,

Natamka dai langu kabla ya salamu, usije ukalisikia kwanza kwa wengine: kunyoa katika mwezi wa kwanza wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo hakumuui mjomba wa mtu. Nimenyoa siku ya tisa ya mwezi huo, kwa wembe wako, na sitamwomba radhi mtu yeyote isipokuwa wewe. Na hata wewe nitakuomba tu ukinishinda kwa hoja.

Sasa nakusalimu. U hali gani? Kifua kimetulia? Homa imeshuka? Unakula? Madaktari wa huko Harbin wamekuruhusu kurudi nyumbani, au bado umelazwa? Tangu telegramu ya Mkazamjomba ya siku ya kumi na moja, yenye maneno matatu tu, "Kifua. Amelazwa. Msije," hatujapata habari nyingine. Sisi huku tu wazima wa mwili.

Mama hasemi nami. Kwa usahihi zaidi, alisema nami mara moja, telegramu ikiwa bado mkononi mwake: "Una wajomba wangapi wewe? Ulikuwa umebakiza siku ishirini na tatu tu! Na hizo ndevu zenyewe ziko wapi, hata zikushinde kuzivumilia?" Tangu hapo huniwekea bakuli la uji mezani, akaondoka.

Katika duka lako la kinyozi hali si bora. Kama ilivyo desturi, mwezi huu hakuna anayekuja kunyolewa; wanakuja kucheza sataranji na kuota moto. Nilipoingia, Mzee Pang, aliyerithi kiti chako ulipohamia Harbin, alipaza sauti: "Msomi kaja! Ficheni wajomba zenu!" Wote wakaangua kicheko. Nikawaeleza nilichokisoma, kwamba yasemekana walioanzisha mwiko huu walikataa kunyoa kwa kuulilia utawala wao ulioanguka. Walitaka kukumbuka ya kale, na kwa kuwa maneno hayo hutamkwa karibu kama "mjomba afe", wajomba wakaingizwa baadaye. Nilizungumza nusu saa. Mzee Pang akasogeza farasi wake ubaoni, akauliza: "Sawa, bwana mdogo. Na kitabu kipi kinatibu kifua?" Swali hilo limeniuma kuliko kicheko.

Lakini hoja yangu kuu haimo kitabuni. Imo shingoni mwako.

Unayakumbuka majira yale ya joto nilipokuwa na miaka kumi na sita? Kwa miezi miwili hukuniruhusu kushika wembe. Ulinipa kijiti cha kulia chakula, nikawa nakitikisa kwa kifundo cha mkono, asubuhi hadi jioni, nawe ukipita nyuma yangu na kusema: "Mkono wa mbao, Yuan. Kifundo cha maji." Kisha yakaja yale maboga yenye vinyweleo vyeupe, niyanyoe bila kuyakwaruza ganda. Nadhani niliyanyoa thelathini. Mkazamjomba alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka supu ya boga. Hata leo, mtu akipitisha kisu juu ya kitambaa kigumu, nasikia wembe wako ukinolewa kwenye ule ukanda uliokuwa ukining'inia kitini, umeng'aa kwa mafuta ya mikono, na harufu ya sabuni na taulo la moto inanijia pale pale. Ilinijia mara nyingi chuoni, katikati ya mihadhara, na sikumwambia mtu.

Halafu siku moja, bila kunitayarisha, uliketi wewe mwenyewe kwenye kiti, ukalaza kichwa nyuma na kusema: "Haya, boga limekuja lenyewe." Mzee Pang akadakia: "Lianzhong, andika wosia kwanza!" Ukafumba macho. Nilipofika kooni nilisimama, nikasubiri unikemee. Badala yake nikakusikia ukikoroma. Nimesoma wanafalsafa kadhaa waliojaribu kueleza maana ya kumwamini mtu. Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko mkoromo ule.

Nikakukata, chini ya taya la kushoto, wembe ukipita mara ya mwisho kabisa. Ulijitazama kiooni ukasema, "Boga limeiva," na kwa juma zima ukawaambia wateja kwamba uliumwa na mbu.

Basi pima mwenyewe. Wembe huu ulikuwa kooni mwako, mkononi mwa kijana asiyejua kitu, ukakuachia mkwaruzo. Leo uko kidevuni mwangu, mkononi mwa mtu uliyemfundisha. Utasafirije kilomita elfu moja za theluji kukudhuru?

Sikunyoa kwa ukaidi, ingawa Mama haamini. Ulipoondoka, uliniambia kwenye kituo cha treni: "Siku utakayonyoa kidevu chako mwenyewe bila tone la damu, niandikie." Siku hiyo ilikuwa ya tisa. Waliolilia utawala wao walikumbuka kwa kutonyoa. Mimi nilikukumbuka kwa kunyoa. Nilikaa siku mbili nikizipamba sentensi za kukuletea habari hiyo, na telegramu ikanikuta karatasi ikiwa tupu.

Nakiri jambo moja ambalo sitalitetea. Nilipoyasoma yale maneno matatu, nilishika kidevu, na kwa muda wa pumzi moja nilitamani ndevu zirudi.

Msalimie sana Mkazamjomba, na binamu yangu Ruolan. Mzee Pang anakusalimu, na anasema kiti chako kinalia kila akikigeuza. Mama amepita nyuma yangu sasa hivi, akasoma mstari wa juu, akasema: "Mwambie ale." Nimekufikishia. Mbingu zikupe pumzi ndefu na usingizi kama ule wa siku ile.

Siku ya pili ya mwezi wa pili, mwiko utakapokwisha, watu wote walioziacha nywele zao watajaa dukani hadi barabarani. Nimekwisha kutangaza mbele ya Mzee Pang na wenzake kwamba siku hiyo nitasimama kando ya kiti chako na kusoma jibu lako kwa sauti. Kwa hiyo nakudai, Mjomba: nijibu mbele yao. Pinga kila hoja, niite mpumbavu, mistari mitatu inatosha, lakini iwe kwa mwandiko wako, si wa Mkazamjomba. Wembe nimeufunga katika taulo. Sitaugusa mpaka nimalize kusoma.

Mpwa wako akupendaye, na anayengoja kubishana nawe,

Geng Zhaoyuan